Sonona kwa vijana na hamu ya kukubaliwa na wenzao: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Haya ni maswali yanayojirudia kwenye vikao vya wazazi, kwenye mabenchi ya vituo vya afya na kwenye magrupu ya WhatsApp ya shule, kuanzia Ujiji hadi Kasulu. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale magumu. Kama una haraka kwa sababu kijana wako anazungumzia kufa, nenda moja kwa moja swali la 13.

## Mambo ya msingi

1. Sonona ni nini, na inatofautianaje na huzuni ya kawaida?

Huzuni ina sababu yake na ina siku zake. Rafiki kahamia Mpanda, bibi amefariki: mtu analia, anafarijiwa, na katikati ya majonzi bado mtani wake anaweza kumchekesha palepale msibani. Mwenye sonona, mtani hamwezi. Wataalamu huangalia dalili mbili kubwa zinazodumu karibu kutwa nzima, kwa wiki mbili au zaidi: moyo kuwa mzito, na kukosa raha katika mambo ambayo zamani yalimfurahisha. Juu yake huja usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza akili kwenye masomo, kujiona hafai, na wakati mwingine mawazo ya kufa.

Kwa kijana, moyo mzito mara nyingi huja na sura ya hasira badala ya machozi. Anajibu mkato, anabamiza mlango, na nyumba nzima inasema ameota mapembe. Ukurasa huu utakaa zaidi kwenye ile dalili ya pili, ya kukosa raha, kwa sababu ndiyo wazazi wengi huipita bila kuiona.

2. Mnaposema "zawadi ya kijamii" mna maana gani?

Ni kile mtu anachokipata kutoka kwa watu na ubongo ukakihesabu kuwa faida: kuchaguliwa kwenye timu, utani wake kuchekewa, meseji yake kujibiwa, kuitwa kwa furaha akipita. Mwaka 2008 watafiti wa Japani waliwapiga watu picha za ubongo wakionyeshwa sifa njema walizopewa na wengine, kisha wakiwa wanashinda fedha. Eneo lilelile la ndani ya ubongo, striatamu, liliitikia vyote viwili. Kwa hiyo mtoto anayehangaikia wenzake wanamwonaje anatafuta kitu ambacho ubongo wake unakiweka kapu moja na fedha.

3. Ubongo unajuaje kitu kipi kinafaa kuhangaikiwa?

Unakisia, halafu unalinganisha. Mtafiti Wolfram Schultz alichunguza seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ishara nayo, huku nyani hao wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilishtuka juisi ilipofika bila kutegemewa. Nyani walipojifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikahamia kwenye taa, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ilipowaka na juisi isije, zilinyamaza wakati uleule ambao juisi ingefika. Mwaka 1997 yeye, Peter Dayan na Read Montague waliandika maelezo ya jambo hilo ambayo yanatumika hadi leo: dopamini inabeba tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi hufanya hesabu hiyo kila alfajiri. Anafika mwaloni na bei kichwani. Akikuta iko chini ya alivyodhani, kesho anawahi na mtaji zaidi. Akikuta imeruka juu, anaanza kufikiria biashara nyingine. Kinachompangia safari ya kesho ni lile pengo baina ya bei na matarajio yake.

4. Kwa nini vijana hasa?

Kwa sababu katika umri wa balehe uzito wa wenzao kwenye hesabu hiyo hupanda. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, kila mmoja peke yake au mbele ya wenzake. Wenzao walipokuwepo, vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitosa kwenye hatari zaidi. Kwa watu wazima wa miaka 24 kuendelea tofauti ilikuwa ndogo sana. Utafiti uliofuata mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa vijana, kujua tu kwamba marafiki wanaangalia kuliamsha maeneo ya zawadi ya ubongo. Ndiyo maana mtoto mpole nyumbani utamkuta Mwanga amepanda mshikaki kwenye bodaboda, hana wasiwasi.

Umri huohuo ndio sonona inaanza kuota. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wenye miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili.

## Watafiti wameona nini

5. Kutengwa na wenzake kunaumiza kweli, au ni deko?

Kunaumiza. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa amekaa bustanini, kisahani cha kuchezea kikamfikia, akakirudisha kwa vijana wawili waliokuwa wakirushiana. Wakamrushia naye, wakacheza watatu kidogo, kisha bila neno wakaacha kumrushia. Alishangaa jinsi alivyoumia kwa ajili ya watu asiowajua. Kutoka hapo alitengeneza mchezo wa kompyuta ambapo mshiriki anapasiwa mpira na "wenzake" wawili, halafu anaachwa. Dakika chache tu zinatosha kumshusha mtu moyo. Naomi Eisenberger na wenzake waliutumia mchezo huo ndani ya mashine ya picha za ubongo mwaka 2003, wakaona maeneo yanayohusika na machungu ya mwili nayo yanachangamka. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu maana ya picha zile, maana maeneo hayo yana kazi nyingi. Kwamba mchezo unaumiza, hakuna anayebisha.

Aliyewahi kuchaguliwa wa mwisho kwenye rede au kwenye ndondo ya mtaani hahitaji mashine kumwambia.

6. Basi tukimsifu sana atajithamini?

Si rahisi hivyo. Mwaka 2017 Geert-Jan Will, Robb Rutledge na wenzao huko London waliwaambia washiriki kwamba wageni wamesoma maelezo yao na kusema kama wamewapenda au la, kisha wakawauliza mara kwa mara wanajisikiaje juu yao wenyewe. Kujithamini kulipanda na kushuka kufuatana na pengo: kukubaliwa na mtu uliyemtarajia akukatae kunapandisha sana, kukubaliwa na mtu anayekubali kila mtu hakuongezi kitu. Na kukataliwa na mtu uliyedhani yuko upande wako kunaangusha kuliko vyote.

Mzazi anayesema "hongera, hongera" kwa kila jambo anageuka yule anayekubali kila mtu. Sifa yenye sura ni tofauti: "Nimeona ulivyomsubiri mdogo wako darajani mvua ikinyesha."

7. Sasa sonona inaingiaje kwenye hesabu hii?

Inaingia mahali patatu, na inafaa kuvitenganisha.

Kwanza, kwenye matarajio. Katika utafiti mkubwa wa vijana wa Ulaya, Argyris Stringaris na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba vijana wa miaka 14 wenye afya njema ambao striatamu yao iliitikia kwa unyonge pale walipokuwa *wakisubiri* zawadi, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuonyesha dalili za sonona miaka miwili baadaye. Zingatia neno kusubiri. Mtoto anaweza bado kufurahi akishafika. Kinachokauka mapema ni ile hamu ya kwenda.

Pili, kwenye gharama ya juhudi. Michael Treadway alibuni jaribio ambalo mtu anachagua: kazi rahisi yenye malipo madogo, au kazi ngumu, kubonyeza kitufe mara 100 ndani ya sekunde 21 kwa kidole kidogo cha mkono asioutumia sana, apate malipo makubwa. Watu wazima wenye sonona walichagua kazi ngumu mara chache zaidi kuliko wengine. Fedha wanaijua thamani yake kama wewe. Jasho ndilo lililoonekana ghali kupita faida.

Tatu, kwenye kusahihisha. Hapa ndipo watu wengi hawapaangalii, na mimi naona ndipo penye kiini. Mtu hawezi kujua kwamba alikisia vibaya mpaka aende akaone. Chukua binti wa kidato cha tatu pale Gungu. Jumamosi wenzake wanasimama mlangoni, "Twende mazoezi ya kwaya!" Yeye yuko ndani na sketi mkononi, bado ina unyevu. Anapiga hesabu: kupiga pasi, kupanda mlima, kufika amechelewa, na wakifika nani atakaa naye? Jibu linatoka hasi. "Nendeni tu, kichwa kinaniuma." Wanaenda. Jumamosi inayofuata ni vilevile. Baada ya muda hawapiti tena, si kwa ubaya, wamezoea tu kwamba haji. Hesabu yake ilianza kwa makosa, lakini sasa imekuwa kweli: ni kweli hakuna anayemngoja.

8. Kwa hiyo tatizo ni ubongo wake, si maisha yake?

Vyote viwili, na vinasukumana. Urithi una nafasi yake. Lakini ubongo unajifunza matarajio kutokana na maisha. Mtoto aliyefiwa, anayepigwa, anayelala njaa, au anayeishi na mtu ambaye leo anacheka na kesho anatukana bila sababu, amefundishwa kwamba juhudi hailipi.

Na kuna wakati hesabu yake ya chini ni sahihi kabisa. Kama darasani wanamzomea kila akifungua mdomo, anatarajia kuzomewa kwa sababu anazomewa. Hapo kumtibu yeye na kuwaacha wazomeaji ni kupoteza muda. Anza na darasa.

## Nyumbani na shuleni

9. Mbona naona ni uvivu tu? Ndoo ya maji hataki kugusa.

Mvivu hukwepa kazi, raha haikwepi. Mwambie kuna mechi Uwanja wa Lake Tanganyika, au kuna mgebuka wa kuchoma jioni, uone anavyoinuka. Mwenye sonona huacha ndoo, akaacha na mechi, na mgebuka ukapoa. Kwa hiyo usiangalie alichogoma kufanya, angalia alichokuwa anakipenda mwaka jana. Kipimo hiki si cha hospitali, lakini kinatosha kukufanya usichukue fimbo. Fimbo inaongeza gharama kwenye hesabu ambayo tayari ni ghali.

10. Simu ndiyo imewaharibu?

Simu inaipeleka haraka ile hesabu ya swali la 3. Mwaka 2016 Lauren Sherman na wenzake huko Los Angeles waliona striatamu za vijana zikiitikia zaidi picha zao zilipoonekana kuwa na laiki nyingi. Kijana anaweka picha status saa mbili usiku, saa tatu anahesabu walioiona, na anajua kwa majina nani ameona akanyamaza. Sisi tulikataliwa mara moja uwanjani, tukarudi nyumbani kulala.

Hata hivyo kuilaumu simu peke yake hakuna ushahidi wa kutosha. Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 mwaka 2019, wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Muulize kwanza simu inampa nini. Kwa wengine ndiyo uzi pekee uliobaki kati yao na rafiki aliyehama. Ukiukata umemfungia ndani. Usingizi ni habari nyingine: usiku simu ilale sebuleni, ya kwako ikiwemo.

11. Anasema "sijisikii". Nimsubiri ajisikie kwanza?

Usisubiri. Kuna tiba inayojengwa juu ya jambo hili, ya kurudisha shughuli kwanza na kuiacha hamu ifuate nyuma. Ilianza kuandikwa tangu miaka ya 1970 na Peter Lewinsohn. Mwaka 2016 majaribio makubwa ya Uingereza kwa watu wazima 440 yalionyesha kwamba, ikitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini wasio wataalamu wa tiba ya kisaikolojia, haikuzidiwa na tiba ya kisaikolojia ya gharama kubwa zaidi.

Kwa nyumbani, maana yake ni kushusha gharama na kupunguza mambo asiyoyatarajia. Usimpeleke harusini penye watu mia tatu. Mchague mtu mmoja ambaye ana uhakika atampokea: binamu, shangazi anayekamua mawese Katonga, rafiki wa zamani. Jambo liwe fupi na liwe na mwisho unaojulikana, "tunaenda kununua dagaa, tunarudi". Kabla hamjatoka muulize anadhani itakuwaje, ngapi kwa kumi. Mkirudi muulize ilikuwaje. Mara nyingi namba ya pili huizidi ya kwanza, na hilo pengo ndilo unalolitafuta. Ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, usimbishie. Punguza zaidi wiki ijayo.

Na wale wenzake walioacha kupita mlangoni, waambie warudi. Hiyo kazi ni ya mtu mzima.

12. Mwalimu afanye nini kwenye darasa la watoto sabini?

Acha kuwaambia "jipangeni makundi wenyewe". Panga wewe. Mengine yako swali la 6 na la 8.

## Tiba

13. Kijana amesema anatamani kufa. Tufanye nini?

Mwamini, kaa naye, na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Wengi hupumua wanapopata mtu wa kumwambia. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa za shamba, dawa za panya na vidonge, viende kwa jirani siku hiyohiyo. Mpelekeni hospitali bila kungoja Jumatatu. Usimwapishe, usimkemee kwamba anakufuru, na usimwahidi kwamba itabaki siri.

Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, bure, kwa walio chini ya miaka 18 na kwa mtu mzima anayepiga kwa niaba ya mtoto.

14. Kigoma twende wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, omba kuzungumza faragha na mganga, na sema "nadhani ni sonona" badala ya "kichwa na uchovu". Ukisema kichwa na uchovu utaondoka na dawa ya malaria. Kwa mjini, rufaa huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Ngazi ya juu kabisa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, na wenye sonona wengi hawahitaji kufika huko.

15. Atapewa dawa?

Kwa kijana dawa si hatua ya kwanza. Mazungumzo na shughuli huanza. Ikishindikana au hali ikiwa mbaya, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu fluoksetini kwa wenye miaka 12 na kuendelea, chini ya mtaalamu. Tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana, hivyo wiki za mwanzo mtu mzima amwangalie kwa karibu na yeye ndiye atunze vidonge. Asiache ghafla akipata nafuu.

16. Tumpige picha ya ubongo tujue?

Hapana, na anayekuuzia kipimo hicho anakula fedha yako. Matokeo ya swali la 7 ni wastani wa mamia ya vijana. Mmoja mmoja wanapishana mno. Yupo mwenye striatamu nyonge asiyeugua kamwe. Sonona inapimwa kwa maswali na kwa kusikilizwa.

17. Na mganga? Na maombi?

Maombi yanayomkutanisha na watu wanaomjali ni zawadi ya kijamii kama nyingine, endeleeni, pamoja na hospitali. Shida ni pale anapoambiwa ana jini au amerogwa na bibi yake. Hapo anapewa sababu ya kumwogopa mtu mmoja zaidi katika wachache aliobakiwa nao.

## Hali zenye utata

18. Tafiti hizi ni za Wazungu. Zinatuhusu?

Ni haki kuuliza. Nyingi zimefanyika Ulaya, Marekani na Japani, kwa watu wachache, ndani ya mashine. Namna dopamini inavyofanya kazi haibadiliki ukivuka ziwa. Kinachobadilika ni zawadi yenyewe. Kijana wa London anaumia kukosa laiki ya mgeni. Wa Buhigwe huenda anaumia zaidi baba mdogo kutomjumuisha kwenye kikao cha ukoo. Kwa hiyo chukua utaratibu wa hesabu, vitu vya kujazia vitoe hapa.

Kwenye tiba Afrika ina la kufundisha. Daktari Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kuwafunza kina bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha watu wazima waliokaa kwenye benchi lile walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida.

19. Binti amejifungua na sasa hataki kurudi shule, ingawa inaruhusiwa.

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi. Ruhusa ya karatasi haigusi hesabu ya getini: nani atamwangalia vipi asubuhi ya kwanza. Tafuta mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja wamngoje, kwa majina, na ajue kabla kwamba watakuwepo. Pia sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa unaojulikana. Wakunga wa kliniki ya mtoto waambiwe.

20. Anacheka na wenzake shuleni, nyumbani ananuna. Ni maigizo?

Huenda anachofanya shuleni ndicho maigizo, na kinamchosha hadi anafika kwako mtupu. Au huenda shuleni kuna raha na nyumbani hakuna. Haya mawili hayatibiwi sawa, kwa hiyo kaa naye mahali ambapo hamtazamani usoni, mkichambua dagaa au mkitembea, umuulize siku yake ilikuwaje kabla ya kumuuliza kwa nini amenuna.

21. Yeye tangu mdogo anapenda kuwa peke yake. Nihofu?

Kama peke yake anasoma, anachora, anatengeneza redio na kulala vizuri, muache. Hajakosa raha, ameipata mahali pengine. Hofia mabadiliko: redio imefunguliwa mezani, skrubu zina vumbi, na hajui zimekaa hapo tangu lini.